Nilivyomtia Bei Maksai wa Baba Mkwe

Kama wiki jana ulifungia mandazi kwa gazeti hili kabla ya kunisoma, sikulaumu. Maisha yangu yenyewe yanafaa kufungia mandazi. Wacha nikukimbize kidogo tuwe pamoja.

Mimi ni Makena, mzaliwa wa Kianjai huko Meru, mkazi wa Chechelesi hapa mjini Isiolo. Sina duka wala kibanda. Duka langu ni simu. Mwenye mali ananiletea mali yake, naipiga picha, naiweka mtandaoni, wateja wananipigia, nami napata changu kidogo. Nimeuza asali, nyirinyiri ya nyama kavu, viatu vya mtumba na hata mlango wa chuma wa kanisa moja uliobaki baada ya ujenzi.

Wiki jana mliniacha nikilia. Ukurasa wangu wa kwanza, wenye wafuasi elfu kumi na tisa, ulifungwa siku niliyoweka video ya mjomba Mworia akifunga miraa. Kwetu miraa ni shamba na karo ya shule. Kwa wenye mtandao ule ni dawa ya kulevya. Walinifungia bila kunisikiza, na mjomba mpaka leo anaamini ni sura yake iliyokataliwa.

Aliyenifuta machozi ni Kiende, mdogo wangu. Kiende yuko Nairobi, kazi yake ni kusimamia kurasa za wafanyabiashara huko. Alinifungulia ukurasa mpya, Soko la Isiolo Mkononi, kisha akanitengenezea stika.

Hiyo stika ni nyekundu, ina maandishi meupe, na inakaa chini kabisa ya video. Inasema: MALI SAFI. BEI MAELEWANO. NJOO INBOX. Halafu namba yangu ya simu.

"Makena, hii usitoe hata siku moja," Kiende aliniambia. "Siku hizi watu wanaiba video. Stika ikiwa hapo, hata video yako ikifika Marekani, watajua ni yako."

"Nikisahau kuiweka?"

"Huwezi sahau. Nimeseti simu yako. Kila video unapost, inaingia yenyewe."

Nilimshukuru mpaka nikamtumia kitambaa cha kichwa, cha manjano, kile cha maua. Naomba uikumbuke hiyo stika, kwa sababu ndiyo iliyonichoma.

Sasa tuingie kwa mambo ya moyo. Mtu wangu anaitwa Lokol. Ni Mturkana wa Ngaremara, fundi wa pampu za visima, mrefu, mpole, na akicheka hufunika mdomo. Tumekuwa pamoja miaka miwili. Kwetu Kianjai wameshamkubali, hata Kiende akija likizo humwita shemeji kabla ya kunisalimia mimi.

Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu. Baba yake, Mzee Ebei, alikuwa hajanikubali. Alisema hawezi kusema ndiyo kwa mtu asiyemjua, nami bila ndiyo yake singekubali kuolewa. Mimi si mtu wa kuingia kwa boma la watu kwa mlango wa nyuma.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa, Lokol akanipeleka.

Dada yake, Elizabeth, alitupikia chai. Elizabeth anauza makaa kando ya barabara pale Ngaremara na ana mdomo wa kutosha watu wanne. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake kidogo cha mbao, fimbo magotini, ananikagua kuanzia viatu.

"Ejoka," nikamsalimia. Lokol alikuwa amenifundisha njiani.

"Ejok," akajibu. "Wewe ni msichana ya nani?"

"Ya Mzee Kaberia, Apa, huko Kianjai." Apa ni baba kwa Kiturkana. Niliona ni heri nianze mapema.

"Baba yako iko na ng'ombe ngapi?"

"Wawili."

"Wawili," akarudia, kwa sauti ya kutoa pole. "Na wewe unafanya kazi gani?"

"Natangaza mali ya watu kwa simu."

"Mali gani?"

"Yoyote, Apa. Mtu akileta, natangaza."

Mzee alimgeukia Lokol akamtazama muda mrefu, kama mtu anayeuliza, hii ndiyo umeniletea? Halafu akainuka. "Kuja," akaniambia.

Tukaenda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipokutana na Lopus.

Nimetoka kwa watu wa ng'ombe wawili, kwa hivyo sikujua ng'ombe anaweza kuwa hivyo. Maksai wa kijivu, mrefu, shingoni ana kengele. Pembe moja imekwenda mbele na nyingine imeshuka karibu na shavu. Mzee alizikunja mwenyewe kwa jiwe, pole pole, Lopus akiwa bado ndama.

"Huku kwetu mwanaume anakuwa na ng'ombe yake moja ya kuimbia," Lokol akaninong'oneza. "Rangi ya hiyo ng'ombe ndiyo inakuwa jina yake. Lopus ni hiyo kijivu. Rika lake hawamwiti Ebei. Wanamwita Apalopus, baba ya Lopus."

"Na akichinjwa?"

"Shh!" Lokol akanifinya mkono. "Huyo hachinjwi ovyo. Na hauzwi. Hata njaa ikuje."

Wakati huo mzee alikuwa ameinua mikono yake juu, mmoja mbele, mwingine chini, sawasawa na pembe za Lopus. Akaanza kuimba. Jamani, nimeenda harusi nyingi, sijawahi kusikia mtu akiimbiwa namna hiyo. Lopus aligeuza kichwa pole pole, kengele ikalia mara moja. Mimi machozi yakanitoka.

Simu nayo ilikuwa tayari mkononi. Sijui ilifikaje. Mzee aliiona, wala hakukasirika. Aliongeza sauti.

"Nitumie hiyo," Lokol akasema mzee alipomaliza. Nikamtumia palepale, vile ilivyotoka kwa kamera. Hakuna mtu mwingine niliyemtumia.

Tukiaga, mzee akanipa mkono. "Jumamosi wazee wanakaa hapa," alisema. "Siku hiyo nitasema mbele yao kama unaingia hii nyumba ama huingii."

Nilirudi Chechelesi nikiimba. Nikaipandisha ile video kwa ukurasa wangu, nikaandika: Baba mkwe wangu mtarajiwa akimwimbia maksai wake. Nikaweka simu kwa chaji, nikaenda kusonga ugali, nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Asubuhi ya Jumatatu simu ilikuwa moto. Watu elfu themanini walikuwa wameitazama.

Nikaanza kusoma maoni nikicheka. Mmoja anauliza, huyu mzee ni bei gani, namtaka anisimamie harusi. Mwingine, kengele inauzwa pekee? Mwingine, kilo ngapi hiyo? Nikajiuliza, hawa wanauliza bei ya nini? Ndipo nikashusha macho.

Chini ya kifua cha Mzee Ebei, chini ya pembe za Lopus, nyekundu kabisa: MALI SAFI. BEI MAELEWANO. NJOO INBOX.

Hapa ndipo ninapotubu, kwa hivyo soma pole pole. Niliiona stika hiyo saa tatu asubuhi. Kuitoa ile video ni kazi ya kugusa mara mbili. Lakini wafuasi walikuwa wanaingia mia kwa mia, na mimi ni mtu ambaye juzi tu nilinyang'anywa elfu kumi na tisa nikiona hivi hivi. Nikajiambia, ifike laki moja kwanza. Ikafika. Nikasema, basi laki mbili. Na laki mbili ikafika nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai.

Nilimwandikia Lokol kumweleza. Ujumbe ukabaki na tiki moja. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameondoka kwenda Sericho kutengeneza pampu, na Sericho mtandao ni wa kutafutwa kwa mguu.

Jumanne saa sita mchana Elizabeth akapiga.

"Habari yako, Eliza?"

"Habari iko wapi! Makena, umefanya nini? Hapa kuna wazee wanne wametoka Daaba na miguu. Wamekaa chini, hawaongei. Wananiuliza mzee alianza kuugua lini."

"Mzee ni mgonjwa?"

"Mzee ako mzima kuliko mimi! Lakini wameskia Lopus anauzwa. Mwanaume akiuza ng'ombe ya jina yake, huyo ameisha. Ni kama amekufa na bado anakula. Kuna mama ameleta unga ya msaada, nusu debe. Mzee ameiangalia hiyo unga mpaka nikaogopa."

"Woi, Eliza."

"Bado sijamaliza. Kuna mtu ya lori ya mifugo kutoka town, anaitwa Shuriye. Amekuja hapa vizuri, salaam aleikum, salaam aleikum, halafu akatoa kamba. Anasema ameongea na wewe inbox."

Sikuwa nimeongea naye. Nilikuwa na ujumbe elfu mbili ambao sijafungua, na kwa biashara yetu hii, mtu asipojibiwa anaona umekubali.

Niliifuta ile video nikiwa bado kwa simu na Elizabeth. Nikapumua. Nikadhani imeisha.

Wewe unayesoma hii una simu, kwa hivyo unajua haikuisha.

Video ilikuwa imeshachukuliwa. Vijana wa Eldoret waliinua mikono kama pembe wakacheza nayo. Muuza magodoro wa Thika aliweka sauti ya mzee juu ya godoro, akaandika kwamba linabeba hata dume. Mama mmoja wa dawa za miti shamba aliitumia kutangazia kitu cha wanaume ambacho siwezi kukitaja kwenye gazeti linalosomwa na mchungaji wangu. Kote huko stika yangu nyekundu ilikuwa chini, na namba yangu. Nilipigiwa simu za magodoro siku nzima.

Zamani tangazo ulilipia redioni, likasemwa, likaisha. Siku hizi unaliachilia tu, linatembea lenyewe, linaingia nyumba za watu bila hodi. Mimi nilikuwa nikijisifu kwamba nalielewa hilo kuliko mtu yeyote Isiolo.

Jumatano ndiyo ikaja ile mbaya.

Ilikuwa tangazo la hoteli moja ya nyama choma ya Nairobi. Linaanza na mzee akiimba, mikono juu. Lopus anageuza kichwa, kengele inalia. Halafu picha inabadilika, unaona makaa mekundu, mbavu zinachuruzika mafuta, kisu kinashuka. Wimbo wa mzee unaendelea palepale. Maneno yanatokea: Ng'ombe aliyeimbiwa ndiye mtamu.

Watu laki tisa walikuwa wamelitazama. Niliketi chini, sakafuni, na aibu ikanishika mpaka masikio.

Nikampigia Kiende. Nani mwingine anayejua mambo hayo?

"Kiende, nisaidie. Kuna hoteli ya nyama imemweka Lopus kwa tangazo. Tuwaandikie walitoe kabla ya Jumamosi."

"Aki Makena, hao ni watu wagumu. Wachana nao."

"Unawajua?"

"Nairobi hii nani hawajui? Ukiwaandikia, watalipost tena. Wacha life lenyewe. Nikupigie baadaye, niko kwa mkutano."

Hakunipigia.

Alhamisi mzee akatuma neno kwa Elizabeth: niende, peke yangu.

Nilifika Ngaremara nikiwa nimejipanga kwa matusi, kwa fimbo, kwa kila kitu. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Lopus alikuwa karibu, anatafuna bila wasiwasi, ndiye peke yake asiyejua ni maarufu.

"Apa, nisamehe," nikaanza. "Nili..."

"Onyesha mimi."

"Nini?"

"Hiyo kitu yote wanaona. Mimi peke yangu sijaona."

Kwa simu yangu ile video ilikuwa bado ipo, stika na kila kitu. Nikaifungua. Mzee akaishika kwa mikono miwili. Akatazama mpaka mwisho bila kupepesa jicho.

"Tena," akasema.

Akatazama tena. Na tena. Mara ya nne nikaona bega lake linacheza kidogo.

"Huyu mzee anaimba vizuri," akasema.

Elizabeth akaangua kicheko. Mimi nikaogopa kucheka.

"Watu ngapi wameskia?"

"Karibu laki tatu, Apa, kwa hiyo yangu tu."

"Hiyo ni watu wengi kiasi gani?"

"Ni Isiolo yote, Apa," Elizabeth akamwambia. "Mpaka watoto, mpaka huko Sericho. Na wengine wanabaki."

Mzee akamtazama Lopus. "Na wote wanajua Lopus?"

"Wote wanamjua," nikasema.

Alitabasamu. Naapa alitabasamu, niliona meno. Moyo wangu ukarudi mahali pake, nikaanza hata kufikiria nguo ya Jumamosi. Halafu kidole chake kikagusa chini ya kioo.

"Na hii nyekundu ni nini?"

Elizabeth akamsomea, neno kwa neno. Nilitamani ardhi ya Ngaremara ifunguke.

"Ni alama yangu, Apa," nikasema. "Naiweka kwa kila kitu. Kwa asali, kwa viatu. Sikukusudia kuiweka kwako. Inaingia yenyewe. Niliiona Jumatatu, na sikuitoa siku hiyo, kwa sababu watu walikuwa wengi nami nikaona raha. Hilo ni kosa langu, na si la simu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu ninachotoa. Hakuna hata moja imewahi kutoka bila hiyo."

"Kama chapa," akasema mzee.

"Ndiyo, Apa. Kama chapa ya ng'ombe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Sasa ile ya nyama."

Nikamtazama Elizabeth. Elizabeth akatazama kuku. Sikuwa na nguvu za kudanganya, nikaifungua.

Aliitazama mara moja, uso haukubadilika. Kisu kiliposhuka, vidole vyake vikashika fimbo. Mara ya pili aliileta simu karibu na macho, akapitisha kidole gumba chini ya kioo, kutoka huku mpaka huku. Akanirudishia.

"Jumamosi kuja," alisema. "Nitauliza swali moja. Mtu atajibu moja."

Ijumaa asubuhi nilikaa nyumbani nikaifungua ile ya nyama tena, ili nilalamike kwa wenye mtandao. Wanakuuliza maswali: je, video ni yako? Una uthibitisho gani? Nikasema, uthibitisho ni stika yangu. Nikaangalia chini.

Stika haikuwepo.

Nikaangalia vizuri. Haikufutwa, haikukatwa. Miguu ya mzee ilionekana mpaka vidole, na mavumbi, na jiwe lile jeupe lililokuwa karibu na kwato za Lopus. Hii haikutoka kwa ukurasa wangu. Ilikuwa ile yenyewe, vile ilivyotoka kwa kamera.

Na ile yenyewe nilimtumia mtu mmoja tu.

Lokol alirudi mchana huo. Tulikutana kwa hoteli yetu ya chai karibu na stendi. Alikuwa na vumbi la Sericho mpaka kwenye nyusi. Siku nyingine ningelifuta kwa leso.

"Nimeona mambo yote nikifika network," akasema. "Pole, Makena."

"Lokol, ile video nilikutumia tukiwa Ngaremara. Ulimtumia mtu?"

Akakoroga chai. Hakuwa ameweka sukari.

"Mtu gani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Hebu tumalize hii ya kesho kwanza," akasema. "Halafu tutaongea."

Sikumuuliza tena. Mtu akikuuliza kama umemwibia mbuzi, unasema la, humwambii tungoje kesho. Iliniuma, wacha nisidanganye. Iliniuma kuliko ukurasa, kuliko wafuasi, kuliko lile tangazo lenyewe. Na bado nilimlipia chai.

Niliwaza njia nzima ya kurudi Chechelesi. Nikisema mbele ya wazee kwamba ni Lokol, mimi napona, lakini nitakuwa nimemchukua mwana kwa baba yake ndipo niombe kuingia nyumba hiyohiyo. Nikinyamaza, mzee ataniona mimi ndiye niliyempeleka Lopus kwa kisu, na jibu lake ninalijua. Kila upande ninapoteza. Nilivaa nguo ya Jumamosi nikijua hivyo.

Wazee watano waliketi kwa kivuli cha nyumba ya mabati ya Elizabeth. Mzee Ebei kwenye kigoda chake. Lopus amefungwa hapo karibu, kwa sababu, mzee alisema, hii kesi ni yake pia. Lokol alisimama upande wa pili, mikono mifukoni.

Mzee hakuzunguka.

"Ile ya kwanza, ya nyekundu, nimeshaongea na huyu msichana," akasema. "Alikosa, akasema amekosa. Hiyo nimeweka chini. Sasa swali yangu. Nani alipeana wimbo yangu kwa watu ya nyama?"

Nikamtazama Lokol. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamhurumia. Mimi ni mjinga hivyo.

"Ni mimi, Apa," nikasema.

Wazee wakaguna. Mmoja akatema mate pembeni. Elizabeth akashika mdomo. Mzee Ebei akanigeukia.

"Wewe," akasema, "umesema uongo kwa boma yangu."

"Ng'ombe yangu ikipotea," akawageukia wazee, "sitafuti rangi peke yake. Rangi ziko nyingi. Natafuta chapa. Huyu msichana anaweka chapa kwa kila kitu. Asali, chapa. Viatu, chapa. Mpaka mimi nikapata chapa."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

"Wale wanacheza Eldoret wako na chapa yake. Yule ya godoro, chapa. Eliza alinionyesha zote, moja moja. Ile ya nyama haina. Nimeangalia na kidole. Mimi sijui kusoma, lakini macho iko. Hiyo ilichukuliwa kama ndama, kabla ya chapa." Akaweka fimbo chini. "Sasa nani alikuwa na ndama kabla ya chapa?"

Kengele ya Lopus ililia.

"Lokol," akasema mzee.

"Apa, sikuwauzia." Akatoa mikono mifukoni. "Naapa, sikupata hata shilingi. Nilimtumia mtu mmoja tu, siku hiyo hiyo, nikijisifu. Nilitaka aone baba yangu. Sikujua itaenda wapi."

"Mtu gani?"

Lokol akanitazama mimi badala ya baba yake. Sikuelewa kwa nini.

"Apa, wacha nimwambie Makena kwanza, pembeni."

"Mimi ndiyo niliimba," akasema mzee. "Weka simu hapa."

Akainuka, akaacha kigoda wazi. Lokol akatoa simu mfukoni, akaiweka juu ya kigoda kama mtu anayeweka yai. Kabla mtu hajaigusa, ikaanza kulia.

Mzee akainama akaiokota kwa vidole viwili. Akatazama ile picha iliyotokea kwa kioo, akakunja uso. Hakumpa Lokol. Alikuja mpaka nilipo, akaniwekea simu mkononi.

Niliona kile kitambaa kwanza. Cha manjano, cha maua. Chini yake uso unacheka, uso niliobeba mgongoni nikiwa na miaka saba, nikaupeleka shule, nikaufuta makamasi. Hao ni watu wagumu, alikuwa ameniambia huyu anayesimamia kurasa za wafanyabiashara wa Nairobi. Wachana nao.

"Makena," Lokol akasema pole pole. "Ngoja."

Mzee akainua mkono kumnyamazisha. Halafu akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, ile ya kuzungumza na watu wa nyumbani:

"Umetaka kuanguka mahali ya kijana yangu. Hiyo nimeona, na hawa wazee wameona. Sasa tusaidie. Soma jina, binti yangu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo. Wazee watano walikuwa wananitazama, na simu ya mdogo wangu ilikuwa bado inalia mkononi mwangu.